Grogan Aliyepanda Samaki Bila Hodi

Wakati wa likizo iliyopita, wanafunzi watatu wa kidato cha tatu wanaoishi jirani nami hapa Kamenu, mjini Thika, walibisha hodi kwangu wakiwa na daftari mkononi. Mwalimu wao wa historia alikuwa amewapa kazi ya nyumbani: wamtaje mtu aliyeleta samaki aina ya trauti katika mito ya Kenya, kisha waeleze faida nne za kitendo chake. Jina walikwisha kulipata, nalo ni Ewart Scott Grogan. Faida tatu walikwisha kuziandika, na ya nne ndiyo waliyoifuata kwangu. Hata hivyo mmoja wao, binti mpole lakini mdadisi, alikuwa na swali jingine ambalo halikuwamo daftarini. Babu yake alipata kumsimulia habari za Grogan aliyewacharaza Agikuyu viboko hadharani mjini Nairobi. Je, huyo ndiye yule wa samaki, au ni watu wawili wanaoshiriki jina moja?

Nilimjibu kwamba ni mtu mmoja. Wote watatu walinyamaza, kisha wakanitazama kama kwamba nimewaongezea kazi badala ya kuwapunguzia. Nimeona basi ni heri niyaandike hapa maisha ya bwana huyo, ili mwalimu na mwanafunzi wayasome kwa pamoja na kuyapima. Wahenga walituusia kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Grogan hakuwa mnyonge hata siku moja katika maisha yake, lakini haki yake tutampa vilevile.

Grogan alizaliwa jijini London tarehe 12 Desemba 1874 katika ukoo wenye uwezo. Masomo hayakumkalia vyema. Aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge na kuondoka bila shahada, na mwaka 1896 akajikuta kusini mwa Afrika miongoni mwa Wazungu waliokuwa wakipigana na Wamatabele katika nchi iitwayo Zimbabwe siku hizi. Afya yake ilipozorota alisafiri hadi New Zealand, na huko ndiko alikompenda msichana aitwaye Gertrude Watt. Baba wa kambo wa msichana huyo alimwona kijana asiye na kazi wala mwelekeo, akataka athibitishe kuwa ni mwanamume wa kutegemewa. Grogan akaahidi kufanya jambo ambalo hakuna mtu aliyejulikana kulifanya kabla yake: kuivuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini.

Safari hiyo aliianza mwaka 1898 kutoka Beira, katika pwani ya Msumbiji, akifuatana na Arthur Sharp, mjomba wa Gertrude. Walipita kando ya maziwa makuu, Tanganyika na Kivu, wakaendelea kaskazini. Sharp alirudi kwao kabla ya safari kwisha, naye Grogan akasonga mbele kupitia mabwawa ya Mto Naili hadi Cairo, alikofika mwaka 1900. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mwaka huohuo alitoa kitabu juu ya safari yake na kumwoa Gertrude. Tangu hapo sifa zake zilienea katika Uingereza nzima kuwa ndiye mtu wa kwanza kutembea kutoka Rasi hadi Cairo. Ikumbukwe kwamba hakutembea peke yake. Mizigo, hema, risasi na chakula vilibebwa na wapagazi Waafrika, nao wapagazi hao hawakuandikwa katika vitabu vya shule zetu. Jambo hili naomba msomaji aliweke akilini, maana litarudi tutakapofika kwa samaki.

Mwaka 1904 Grogan alifika katika nchi iliyoitwa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo. Nairobi ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, imezaliwa na reli mwaka 1899. Nia yake ilikuwa biashara ya mbao, na kwa muda mfupi alijipatia haki ya kukata miti katika ekari elfu nyingi za msitu karibu na Eldama Ravine, pamoja na ardhi kule Kilindini, Mombasa. Alijenga nyumba ya fahari mahali palipoitwa Chiromo. Wanafunzi wa vyuo watalitambua jina hilo mara moja, kwa kuwa leo Chiromo ni bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi. Vijana wetu wanaosomea elimu ya wanyama, samaki wakiwamo, husomea katika uwanja uleule ambako mpanda samaki huyu alikuwa na makao yake.

Sasa tuje kwenye trauti wenyewe. Mwaka 1905 Grogan aliagiza mayai ya trauti wa rangi ya kahawia kutoka ziwa la Loch Leven, Uskochi, na vifaranga vyake vikatiwa katika Mto Gura, unaoporomoka kutoka Milima ya Nyandarua kuelekea upande wa Nyeri. Wataalamu wa wakati ule waliwahesabu trauti wa Loch Leven kuwa ni spishi ya pekee na wakawapa jina lao la kisayansi. Baadaye ilibainika kwamba walikuwa trauti wa kawaida wa Ulaya, ambao umbo na rangi yao hubadilika kulingana na maji wanayoishi.

Huenda msomaji akastaajabu jinsi samaki wa Uskochi alivyoweza kufika Nyandarua akiwa hai katika zama hizo. Siri imo katika yai. Yai la trauti likishafikia hatua ambapo macho ya kijisamaki huonekana ndani kama nukta mbili nyeusi, huweza kuvumilia safari ndefu mradi lihifadhiwe katika unyevu na baridi kali. Baridi hupunguza kasi ya ukuaji, hata kijisamaki kikawa kama kimelala. Mwaka 1864 Waingereza walikwisha kuvusha mayai ya namna hiyo hadi Tasmania katika meli iitwayo Norfolk, yakiwa yamepangwa katika masanduku yenye kuvumwani na kuzungukwa na barafu, katika safari ya miezi takriban mitatu. Kutoka Tasmania trauti walipelekwa New Zealand, na Grogan alipokwenda huko kumfuata Gertrude, samaki hao walikuwa wameenea katika mito ya visiwa hivyo.

Hapana budi tueleze kwa nini watu walijitaabisha kiasi hicho. Trauti kwa Mwingereza wa tabaka la Grogan hakuwa kitoweo tu. Alikuwa samaki wa mchezo. Huvuliwa kwa ufito mrefu, mshipi mwembamba na chambo bandia kilichofumwa kwa manyoya ili kifanane na mdudu, na furaha yote imo katika kumshinda samaki mjanja aliye na nguvu. Karne ya 19 ilikuwa na vyama vizima ambavyo shughuli yake ilikuwa kuhamisha wanyama, ndege, mimea na samaki kutoka pembe moja ya dunia hadi nyingine. Hata Uingereza yenyewe haikusalimika. Mwaka 1878 samaki aina ya zanda walitolewa bara la Ulaya na kutiwa katika maziwa ya Woburn, na katika miaka ya 1880 trauti wa upinde wa mvua wakaletwa kutoka Amerika. Zanda hao walipofunguliwa mwaka 1963 katika mfereji unaohusiana na Mto Great Ouse, walisambaa mbali na wavuvi wa huko wakaanza kulalamika kwamba samaki wao wa asili wanaliwa. Kwa hiyo Waingereza waliyafanya haya kwao na kwa wengine, lakini kwao walikuwapo watu walioweza kulalamika na kusikilizwa.

Hapa petu hali ilikuwa nyingine. Gura haukuwa mto usio na wenyewe. Ulikuwa na majina katika kila kona yake, ulikuwa na vivuko, mahali pa kuchotea maji na mahali pa kunyweshea mifugo. Ni kweli kwamba Agikuyu kwa desturi hawakuwa walaji wa samaki, na sehemu za juu kabisa za mito ile ya baridi hazikuwa na samaki wengi. Mgeni aliyetazama kwa macho ya mvuvi aliona maji matupu yanayongoja kujazwa. Hivyo ndivyo alivyotazama mashamba yaliyolazwa yapumzike na malisho ya msimu, akasema kuwa ni nchi tupu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902, na baada yake ile ya mwaka 1915 iliyoitia hata ardhi waliyoikalia Waafrika chini ya milki ya Mfalme, zilijengwa juu ya mtazamo huo.

Mimi ni mwanaisimu, na msomaji ataniwia radhi nikiingiza majina katika habari za samaki. Milima ambayo Gura hutoka huitwa Nyandarua na Agikuyu, jina linalohusishwa na ngozi iliyowambwa ikauke, kwa jinsi mgongo wa milima ile unavyoonekana kwa mbali. Mwaka 1884 msafiri Joseph Thomson aliiita Aberdare, kwa heshima ya bwana mmoja wa London aliyekuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Jina geni lilipandwa miaka takriban ishirini kabla ya samaki mgeni. Katika lugha kama katika mto, aliyekuja na kitu kipya alidhani hakuna kilichotangulia.

Lugha nazo zina namna ya kumpokea mgeni. Neno la Kiingereza lilipoingia Kiswahili lilipewa irabu mwishoni likawa trauti, kama shati na blanketi. Agikuyu wengi leo husema thamaki kwa samaki wa aina yoyote, neno waliloazima kutoka Kiswahili wakaigeuza sauti ya s kuwa th, kwa kuwa lugha yao haina s. Wanafunzi wangu hupenda kulihusisha neno hilo na muthamaki, yaani mtawala, wakidhani kuwa samaki alikuja na serikali. Huwaambia kuwa maneno hayo mawili hayana nasaba hata kidogo, ingawa nakiri kwamba kwa habari ya trauti kosa lao halikuwa mbali sana na ukweli.

Miaka miwili tu baada ya samaki kutiwa Gura, kulitokea jambo ambalo babu wa binti yule hakulisahau. Wakati huo Grogan alikuwa rais wa chama cha walowezi. Wavuta rikisho watatu wa Kikuyu walishtakiwa, si mahakamani bali katika vinywa vya walowezi, kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wamewabeba. Tarehe 14 Machi 1907 Grogan na wenzake waliwachukua watu hao hadi mbele ya jengo la mahakama mjini Nairobi, na huko, mbele ya umati wa Wazungu, akawachapa kiboko. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Walowezi walitaka serikali ione kwamba wanaweza kuwaadhibu Waafrika bila ya hakimu, tena mlangoni pake. Grogan alishtakiwa pamoja na wenzake. Shtaka lenyewe lilihusu mkusanyiko usio halali, naye alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, alichokitumikia si katika gereza la kawaida bali katika nyumba iliyotengwa kwa ajili yao. Heshima yake miongoni mwa walowezi haikupungua, iliongezeka.

Nimeulizwa na rafiki mmoja, mwalimu wa miaka mingi, kama ni haki kuchanganya mambo haya mawili. Samaki ni samaki na kiboko ni kiboko, ndivyo alivyoona, na mtu anaweza kutenda jema asubuhi na baya jioni. Hoja yake ina uzito na sitaki kuipuuza. Walakini nadhani mambo haya yanatoka katika shina moja. Aliyetia samaki katika mto wa watu bila kuwauliza na aliyewachapa watu mlangoni pa mahakama bila kungoja hukumu alikuwa na imani moja, kwamba katika nchi hii hakuna mwenye haki ya kuulizwa. Mwanafunzi anayeambiwa habari ya samaki pekee hawezi kuiona imani hiyo, na asipoiona hataitambua itakapomjia kwa sura nyingine.

Trauti walistawi. Mwaka 1910 waliletwa wengine, wale wa upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini, na kwa miongo iliyofuata mito ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ilipandwa mmoja baada ya mwingine. Miongoni mwake ni sehemu za juu za Chania na Thika, mito yetu hii inayoupa mji wetu uhai. Mwaka 1948 kituo cha kutotolea vifaranga vya trauti kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Uvuvi huo uliwekewa leseni, na ukavuliwa kwa ufito na chambo cha manyoya. Tuwaze kidogo hali hiyo. Mtoto wa mchungaji aliyezaliwa kando ya mto aliweza kumwona samaki mkubwa majini, samaki aliyekula wadudu na kaa wa mto wa babu zake, lakini kumvua bila kibali likawa kosa. Mto ulikuwa palepale, ila ulikuwa umepata mwenyewe mwingine.

Je, maji yenyewe yalipata hasara gani? Hapa inafaa tuwe waangalifu, tusije tukatia chumvi. Trauti ni mla nyama. Hula wadudu wa majini, kaa, vyura na samaki wadogo. Madhara yake katika vijito vya juu hayakufanana na yale yaliyotokea Ziwa Victoria, ambako sangara alitiwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980 na kuangamiza aina nyingi za furu ambazo hazikupatikana penginepo duniani. Baridi ndiyo iliyotuokoa. Trauti hapendi maji yanayozidi nyuzi 20 hivi za joto, na kwa sababu hiyo hakuweza kuteremka mpaka huku Thika, sembuse Masinga na Tana ya chini. Alibaki mlimani kama mgeni aliyeishia sebuleni. Lakini msomaji atambue kwamba Grogan hakuipima hatari hiyo kabla. Laiti samaki aliyempenda angekuwa mvumilivu wa joto kama sangara, historia yetu ingekuwa nyingine. Tulisalimika kwa tabia ya samaki, wala si kwa busara ya aliyempanda.

Nimeahidi kumpa haki yake, na sasa naitimiza. Grogan aliishi miaka mingi baadaye na kufanya mengi. Katika vita vya kwanza vya dunia alitumika katika idara ya upelelezi. Alijenga Hoteli ya Torr's katikati ya Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1920, akalima mkonge Taveta na kujenga kasri juu ya kilima ambalo bado linaonekana. Gertrude alifariki mwaka 1943, na kwa kumkumbuka, Grogan alitoa ardhi ya Muthaiga ilipojengwa hospitali ya watoto inayobeba jina la mkewe, iliyofunguliwa mwaka 1947. Watoto wasiohesabika wa rangi zote wametibiwa humo, na hilo hatuwezi kumnyima. Katika Baraza la Kutunga Sheria alisikika kwa muda mrefu, na vita vya Mau Mau vilipozuka mwaka 1952 alikuwa miongoni mwa waliodai adhabu kali kupita kiasi dhidi ya Agikuyu. Misitu ya Nyandarua, palipo na chemchemi za mito aliyoipanda samaki, ikawa maficho ya wapiganaji waliotaka ardhi yao irudi.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Grogan alifariki tarehe 16 Agosti 1967 mjini Cape Town, akiwa na umri wa miaka 92. Barabara ya Nairobi iliyokuwa na jina lake iligeuzwa ikawa Kirinyaga Road, ingawa wapo mafundi wa magari na wauza vipuri wanaoendelea kuliita eneo hilo Grogan, wengi wao bila kujua alikuwa nani. Jina la mtu hufutwa kwenye kibao kwa siku moja, lakini katika vinywa vya watu huishi kwa hiari yake. Samaki wake nao hawakupewa hati ya kuondoka. Wajukuu wa vitukuu vya wale wa mwaka 1905 wangali katika mito ya mlimani, na trauti wa upinde wa mvua wanafugwa katika mabwawa ya wakulima wetu wenyewe wanaowauzia wenye hoteli na kuwasomesha watoto kwa fedha hizo. Samaki wa mchezo wa walowezi amekuwa kitega uchumi cha mwananchi. Hiyo ndiyo faida ya nne waliyokuwa wakiitafuta wale wanafunzi, nami niliwapa bila kinyongo.

Lakini kabla hawajafunga daftari niliwachukua tukatembea hadi Mto Chania, mahali yanapoporomoka maji karibu na Hoteli ya Blue Posts iliyofunguliwa mwaka 1908, enzi zilezile za Grogan. Tuliyatazama maji. Yalikuwa na rangi ya udongo, na kando yake palikuwa na mifuko ya plastiki, chupa na povu lisilojulikana limetoka wapi. Maji haya yameanza safari yake huko juu yakiwa baridi na meupe kiasi cha kumfurahisha trauti. Mto Thika, mwenzake, umezuiwa katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, na mamilioni ya watu wa Nairobi huyanywa maji yake. Yanayobaki ndiyo hupita kwetu, kati ya mashamba, viwanda na mitaa, yakachukua kila tunachoyabebesha.

Trauti hahitaji baridi pekee. Huhitaji pia maji yenye hewa nyingi na yasiyo na tope, kwa maana mayai yake hulala katikati ya changarawe na tope likiyafunika hufa. Mahali misitu inapofyekwa kando ya mto, jua hulipiga maji na mvua huleta udongo, naye trauti huwa miongoni mwa viumbe wa kwanza kutoweka. Basi samaki huyu aliyeletwa bila hodi amekuwa shahidi dhidi yetu. Tukisikia kwamba katika kijito fulani hapatikani tena, haifai tushangilie kuwa mgeni ameondoka. Yafaa tuulize maji yamepatwa na nini, kwani samaki wa asili, kaa na wadudu wasiotajwa na mtu hupatwa na hayohayo kimyakimya.

Binti yule aliniuliza swali la mwisho tulipokuwa tukirudi Kamenu. Alitaka kujua kama Grogan alikosa kwa kupanda samaki bila kuwauliza wenye mto, je, anayemwaga taka za kiwanda katika Chania bila kumuuliza anayeishi huko chini naye tumwiteje? Sikuwa na jibu la haraka. Grogan angeweza kujitetea kwamba alikuwa mgeni na kwamba sheria za wakati wake hazikumtambua mwenye mto. Sisi hatuna utetezi huo. Mto ni wetu kwa sheria, kwa jina na kwa kiu. Tangu mwaka 2010 Katiba yetu inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na watu wa huko chini wanaochota maji hayo ni ndugu zetu wenye majina tunayoyajua.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Wanapotoa kazi kuhusu Grogan, au kuhusu yeyote aliyeleta kitu kipya katika nchi hii, wasiishie kwenye faida nne. Waongeze swali la tano: nani aliulizwa? Swali hilo litamsaidia mwanafunzi kuyaelewa mambo ya mwaka 1905, na litamsaidia zaidi siku atakapokuwa diwani, mhandisi au mwenye kiwanda, ameshika kalamu juu ya karatasi inayohusu mto wa watu wengine. Wale watatu waliandika faida zao nne kama walivyotakiwa. Kisha binti yule, bila kuagizwa, akaacha mstari mmoja mtupu na kuliandika swali la tano chini yake. Nangoja kusikia mwalimu wao atamwekea alama gani.